Kachero Anakabidhiwa

Generosa alijua kabla ya watu wote pale uwanjani. Alijua kabla mwamuzi hajapuliza kipenga, kabla Malale mwenyewe hajajishika kichwa. Angepewa nafasi ya kutojua angeichukua kwa mikono miwili, lakini mtu uliyempenda mwaka mzima hawezi kukuficha kitu. Mdomo wake ukinyamaza, mwili utakuambia.

Ilikuwa Jumamosi ya mashindano ya mbwa, kwenye uwanja ulio pembezoni mwa mtaa wa Misunkumilo. Na usicheke. Mpaka leo wapo watu hapa Mpanda wakisikia mashindano ya mbwa wanadhani ni mbwa kutafunana, wanakuja na karanga zao kukaa mbele. Wakifika wanakuta viunzi vya mianzi vya kuruka, handaki la turubai la kupenya, daraja la mbao la kupanda na kushuka, na nguzo kumi na mbili ambazo mbwa hupita katikati yake akijipinda. Kila kitu kina namba yake. Mwenye mbwa anakimbia pembeni bila kumgusa, na mbwa akiruka kiunzi kisichokuwa zamu yake, basi, ametolewa.

Mbwa hasomi namba, hilo hata mtoto analijua. Afande Stanslaus, mzee aliyestaafu kikosi cha mbwa cha polisi na ndiye aliyewafundisha wote pale, alikuwa akiwaambia kila wiki kwamba mbwa akikimbia haangalii mdomo wako, anaangalia bega. Bega likienda kushoto, hata ukimpigia kelele aende kulia mpaka koo likauke, yeye ataenda kushoto. Generosa aliusikia wimbo huo mpaka akauota. Na kwa kuwa alikuwa binti mwenye macho, akajifunza kuangalia bega la Malale pia, na hapo tusidanganyane, haikuwa kwa ajili ya mazoezi peke yake.

Malale Masele alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana mrefu wa Kisukuma, mpole kupita kiasi. Wazazi wake walihamia na ng'ombe wao upande wa Kibaoni tangu yeye akiwa mdogo, lakini yeye alipanga chumba mjini. Generosa alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa za mifugo. Siku ya kwanza Malale alikuja kununua dawa ya kupe ya mbwa wake, Kachero. Kesho yake akaja kununua dawa ileile. Siku ya tatu alipotokea tena Generosa akamuuliza ni kupe gani hao wasiokufa, na Malale akacheka akiangalia chini, akashindwa kujibu. Mambo yalianzia hapo.

Sasa siku hiyo Malale na Kachero ndio waliokuwa wa mwisho kukimbia. Watu wa Sumbawanga walishakosea, wa Tabora walishachelewa, na kombe lilikuwa linabaki Mpanda kama Kachero angemaliza bila kosa. Na Kachero alikimbia. Mbwa yule wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na moja limelala, alipenya handaki, akajipinda kwenye nguzo, akapita daraja bila kuteleza. Vikabaki viunzi viwili. Watu wa Mpanda walishaanza kusimama.

Ndipo Generosa alipoliona bega la Malale likigeuka.

Liligeuka kidogo tu, kuelekea kwenye kamba iliyozungushwa uwanja. Pale alikuwa amekaa mwanamke aliyejifunga kitenge cheusi, na mtoto wa kike wa miaka minne alikuwa amemponyoka mikononi, anainama kupita chini ya kamba aingie uwanjani. Kachero akalifuata bega kama alivyofundishwa. Akakiacha kiunzi chake, akaruka kingine kilichokuwa kushoto, tena akakiruka vizuri mno, mkia unacheza. Kipenga kikalia. Kombe likaenda Tabora.

Watu waliguna wakaanza kukunja viti vyao. Lakini Generosa alibaki amesimama, kwa sababu bega lile halikuwahi kugeuka. Pikipiki mbili ziligongana barabarani wakati wa mazoezi na bega halikutikisika. Kuna siku yeye mwenyewe alivaa gauni jekundu makusudi, akapita pembeni ya uwanja taratibu, na Malale akamaliza duru nzima bila kumtupia jicho. Alinuna siku mbili kwa ajili ya gauni lile. Leo bega limegeuka kwa ajili ya mtoto asiye wa kwake.

Mwanamke yule alimfahamu. Alikuwa Hana, mjane wa Antoni, kaka yake Malale. Antoni aling'atwa na mbwa wa kupotea kule Kibaoni, akaosha kidonda kwa maji na chumvi, akaendelea na kazi zake. Sindano hakwenda kuchoma. Alipoanza kuogopa maji ya kunywa ilikuwa basi tena. Generosa, ambaye kila siku anauza chanjo ya kichaa cha mbwa, alilia msiba ule mara mbili, alilia kwa ajili ya Malale na alilia kwa hasira. Alikwenda kuzika. Alifika akakuta mzee Masele ameshawaambia watu kwamba yule ndiye binti wa mbwa, na hakuna aliyempa mkono. Hiyo ilikuwa imepita karibu miezi miwili.

Alimkuta Malale nyuma ya Fuso lililowaleta watu wa Sumbawanga. Alikuwa amechuchumaa, anamnywesha Kachero maji kwenye sufuria. Moshi wa nyika zinazochomwa ulikuwa umetanda siku nzima, na jua la mchana lilikuwa jekundu bila nguvu.

"Yule ni Hana," Generosa alisema.

"Ni Hana."

"Amefuata nini kwenye mbwa? Mtu aliyepatwa na yale yaliyompata?"

Malale hakuinua uso. "Ametumwa na baba. Aone kwa macho yake kwamba mbwa amebaki."

"Amebaki wapi? Wewe unakwenda wapi?"

Jibu lilikuja vipandevipande. Wazee walikaa Jumapili iliyopita baada ya kumaliza msiba. Walisema mji wa Antoni hauwezi kukaa bila mwanaume. Kuna watoto watatu, mkubwa wao ana miaka tisa. Kuna ng'ombe, kuna mashamba ya mpunga. Na mzee Masele alisema mbele ya wote kwamba kwenye mji wake hakitaingia tena kitu kinachoitwa mbwa.

"Wamesema mimi," Malale alimaliza.

"Wamesema wewe ufanye nini? Uchunge ng'ombe? Uwasomeshe watoto? Sema vizuri, Malale, nisije nikaelewa vibaya."

"Niwe mume wa nyumba ile."

Generosa aliegemea tairi la Fuso. Kilichomjia akilini wakati huo, na moyo wa mtu una mambo yake, kilikuwa ni ndoo ya asali. Baba yake, mzee Felisiani, alikuwa katekista kule Ugalla, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache. Aliposikia habari za Malale mara ya kwanza alikataa kabisa. Alisema watu wa ng'ombe leo wapo hapa, kesho wamehama na binti yako wamehama naye, na yeye hakumlea binti aje kumtafuta kwa kuuliza njia. Generosa aliondoka nyumbani siku ya Pasaka bila kuaga. Walikaa miezi mitano hawasemezani. Halafu mwezi uliopita mzee akapiga simu mwenyewe, akakohoa sana kabla ya kuongea, akasema amlete huyo kijana wamwone. Tena akasema ametenga ndoo moja ya asali nyeupe kwa ajili ya mgeni. Walikuwa waende keshokutwa, Jumatatu.

"Na wewe ulisemaje?" aliuliza.

"Nilikaa kimya."

"Kukaa kimya kwenu maana yake nini?"

"Mbele ya wazee?" Malale alifuta maji mikononi kwa suruali. "Maana yake nimekubali."

Hapo ndipo angeweza kumpiga, na Mungu anisamehe, nisingemlaumu. Alijikaza. Malale alisimama, akamsogelea, akaanza kuongea haraka, yeye ambaye kwa kawaida neno lake moja unalisubiri. Alisema Hana ni jukumu, siyo mapenzi. Alisema Generosa ndiye moyo wake na hilo halibadiliki. Chumba cha Mpanda hatakiachia, kazi ya kuchomelea atakuwa anakuja kuifanya.

"Nitakuoa, Gene. Nitakuwa kule siku za kazi, na Jumamosi nipo kwako. Kwetu mtu kuwa na nyumba mbili si jambo la ajabu."

"Kwetu ni la ajabu. Baba yangu ndiye anayesimama mbele kuwafundisha watu ndoa. Nikamwambie binti yako ameolewa siku za Jumamosi?"

"Nikiwaacha wale watoto nitakuwa mtu gani?"

"Sijasema uwaache. Walee. Wajengee. Mimi mwenyewe ningekuja kuwafulia. Nani alikwambia kulea mtoto lazima ulale kwa mama yake?"

Malale akasema wazee hawaoni hivyo. Generosa akamwambia hajaulizwa wazee wanaonaje.

"Unampenda?" aliuliza, na sauti yake ikamsaliti mwishoni.

"Hana? Hapana. Simjui hata vizuri. Nampenda mtoto. Yule mdogo, Upendo. Tangu tumzike baba yake ananiita mimi baba. Namkataza, nakesha namwambia mimi ni baba mdogo, lakini ananiita tu."

Laiti angesema anampenda Hana. Mwanamke mwenzako unaweza kumchukia, unaweza kumsema kwa mashoga zako, ukapata nafuu. Mtoto wa miaka minne aliyefiwa utamfanya nini?

"Ulijua lini?" Generosa aliuliza kwa sauti ya chini. "Nijibu hilo tu, nakuomba. Umejua lini kwamba unaniacha?"

"Jumapili iliyopita. Naapa. Kabla ya hapo hata mimi sikujua."

Alimwamini. Utashangaa, lakini jibu lile lilimpa faraja. Wiki moja ya kuficha mtu anaweza kuisamehe. Alijiambia kwamba maneno yote kabla ya Jumapili ile yalikuwa ya kweli, na hayo hakuna mzee wa Kibaoni atakayemnyang'anya.

Malale akaomba kitu cha mwisho, Generosa amchukue Kachero. Amkabidhi leo, kabla hajaondoka na Hana, mbele ya Afande, kwa utaratibu.

Utaratibu wa Afande Stanslaus wa kukabidhi mbwa ulijulikana na wote, aliutoa kazini kwake na hakuruhusu upunguzwe. Mwenye mbwa anafungua kamba, anamwachia mpokeaji mkononi. Anatembea hatua kumi, anasimama akiwa amempa mbwa mgongo, mikono ameikunja kifuani. Haruhusiwi kugeuka wala kutoa sauti. Mpokeaji anaita mara moja tu. Mbwa akija, ni wake. Mbwa asipokuja, au mpokeaji asipoita, basi makabidhiano hayapo, mwenye mbwa anarudi naye na wanajaribu tena Jumamosi inayofuata.

Ulisikia hapo? Mpokeaji asipoita. Generosa naye alilisikia hilo kichwani mwake wakati wanarudi uwanjani. Malale hawezi kwenda Kibaoni na mbwa. Hawezi kumtupa Kachero barabarani, hana roho hiyo. Yeye Generosa akinyamaza tu, asipotamka neno, Malale atalala Mpanda leo. Na Jumamosi ijayo atanyamaza tena.

Watu waliobaki walijipanga pembeni. Afande alimsimamisha Generosa mahali pake, akasema utaratibu kwa sauti ya gwaride. Malale aliinama, akafungua kamba shingoni mwa Kachero, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono yote miwili. Kisha akaja kumwekea Generosa kamba kiganjani. Vidole vyake vilikawia pale. Vilikuwa na makovu ya moto wa kuchomelea, na Generosa alilijua kila kovu. Halafu akatembea, mbwa amekaa katikati, na hatua ya kumi ilipofika akasimama, mgongo kwao.

Generosa hakuita.

Dakika ikapita. Afande akakohoa. Mtu mmoja pembeni alinong'ona jambo akanyamazishwa. Generosa aliubana mdomo wake, kamba ameishika ngumini, na akamwona Hana amesimama kule kwenye kamba ya uwanja, mtoto mgongoni amelala. Alikuwa anamwangalia mbwa kwa woga wa mtu anayejua mbwa anaweza kufanya nini. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa amekonda, viatu vyake ni vya kiume, labda vya marehemu. Generosa akatambua kwamba hata yeye hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Na kingine akakitambua, kikamuuma zaidi. Akinyamaza leo atampata Malale mpaka Jumamosi ijayo. Akinyamaza tena atampata mpaka nyingine. Ndicho kilekile alichokikataa nyuma ya gari, mume wa Jumamosi, isipokuwa sasa angekuwa anakiomba mwenyewe. Machozi yakamjaa. Alijua akiita amemaliza.

Akaita. Aliita kwa sauti ndogo kwa makusudi, maana moyoni alikuwa bado anaomba mbwa akatae.

"Kachero. Njoo."

Kachero alikuja. Hakusita, hakumtazama Malale hata kwa jicho la pembeni. Alikimbia moja kwa moja, akakaa kando ya goti la kushoto la Generosa, akamwegemea kwa uzito wake wote.

Watu wakapiga makofi. Afande Stanslaus, mtu ambaye sifa zake ni za kutafuta kwa tochi, alitikisa kichwa kwa furaha. "Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Mbwa mkubwa kumzoesha sauti ya mtu mwingine mpaka aje hivi, ni siku arobaini na usiruke hata moja. Mlifanya vizuri kuanza mapema."

Generosa alitaka kumwambia kwamba hawakuanza kitu chochote.

Alirudisha siku nyuma. Jioni zile Malale alizosema mkono unauma kwa kuchomelea, akamwomba yeye ndiye ampe Kachero chakula, kila jioni, yeye tu. Mara nne alizomwachia mbwa alale kwake, eti amepata kazi Inyonga. Ule mchezo wao wa Malale kujificha nyuma ya ukuta na yeye kumwita Kachero, mbwa akija wanacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Generosa alidhani ni mapenzi. Alidhani mwanaume anamfundisha mbwa wake kuishi na mke wake. Na yote hayo yalianza wiki ileile Malale aliyorudi kutoka kumzika Antoni, wazee hawajakaa bado, hawajasema neno. Katika siku hizohizo alikuwa akimuuliza avae shati gani siku ya kwenda Ugalla.

Alimtazama Malale. Bado alikuwa amesimama amewapa mgongo, mikono kifuani, kama utaratibu ulivyosema. Alikuwa amemsikia Afande, kama kila mtu alivyomsikia.

"Malale," Generosa aliita.

Hakugeuka.

"Mbwa umemwandaa siku arobaini," alisema, na safari hii sauti haikutetemeka, ilisikika mpaka kwenye kamba. "Mimi umeniandaa nusu saa, nyuma ya gari la watu."

Afande Stanslaus akavua kofia, akaangalia chini. Malale alishusha mikono aliyoikunja kifuani. Kisha akatembea kwenda mbele, alikokuwa Hana, akampokea mtoto aliyelala na kumweka begani. Waliondoka wakifuatana, yeye mbele, mjane nyuma, wakapita getini bila kusemezana. Generosa alipiga goti, akamfunga Kachero kamba shingoni, na fundo likamshinda mara mbili kabla halijakaa.